Fundi Bomba Hapigwi Picha

Amu, mnayoiita Lamu, ina mafundi wa namna mbili: wanaopigwa picha, na mimi.

Fundi wa nakshi hupigwa picha. Akishakaa kibarazani na patasi yake, takataka za mbao zimemjaa mapajani, kila mgeni apitaye Usita wa Mui husimama, huinamisha kichwa upande mmoja, huvuta pumzi ndefu na kusema kwamba hapa ndipo penye utulivu. Fundi wa majahazi wa Matondoni hupigwa picha hata akiwa amelala kivulini mwa chombo anachokiunda. Mshona kofia hupigwa picha. Mshona makubadhi wa Siyu hupigwa picha. Mvuvi akishona wavu uliotatuka hupigwa picha mpaka anasahau alipofikia. Punda ndiye usiseme. Punda ana kliniki yake ya hisani pale pwani tangu miaka ya 1980, na katika umri wake wote hajaulizwa risiti na mtu. Mgongo wangu mimi hutibiwa kwa mafuta ya nazi na maneno ya mke wangu, tena mafuta ndiyo machache.

Mimi ni fundi bomba. Kamera zimeelekezwa kwangu mara nyingi tu, ila kila mara mwenye kamera huniashiria kwa mkono nisogee kando, maana nimemzibia mlango wa nakshi.

Kilichonimaliza kabisa ni kandambili. Mwaka 2018, hapa hapa kisiwani, ilishushwa majini Flipflopi, chombo cha urefu wa kama mita tisa kilichoundwa kwa takataka za plastiki na kuvishwa kandambili zipatazo elfu thelathini, zilizookotwa fukweni. Aliyeongoza kazi hiyo ni Ali Skanda, fundi wetu anayejulikana, na mapema mwaka 2019 chombo kikasafiri hadi Unguja huku magazeti ya dunia yakikiandika. Kazi yenyewe naiheshimu. Plastiki haina nyuzi kama mti, na kuichonga mpaka ikubali kuwa mkuku na mataruma si mchezo wa watoto. Lakini hebu jitieni katika hali yangu. Kandambili zilizotupwa, tena moja moja, hazina wenzao, zimepata kazi ya heshima, zimesafiri ng'ambo na zimepigwa picha. Mabomba yangu, nayo ni ya plastiki, yamo ukutani yanahangaika usiku na mchana, na hakuna ajuaye hata rangi yake.

Haya yote ningeyameza kimya, kama ninavyomeza mengi, lau si semina.

Ipo hoteli moja upande wa Shela, jina naliacha kwa kuwa bado nawadai. Waliniita asubuhi moja kwa sababu maji yalikuwa hayapandi ghorofani. Nikawa nimejikunja chini ya sinki, shavu langu limegusana na sakafu, na ng'ambo ya ukuta kulikuwa na ukumbi, na ukumbini kundi la watu wa maofisini kutoka Nairobi, waliokuja kutafuta maana na ridhiko katika kazi. Nilishangaa kidogo. Kazi wameiacha Nairobi, maana wameifuata Shela kwa ndege. Ukivitenga vitu viwili umbali wote huo, vitakutana lini?

Mkufunzi akachora miduara minne kwenye karatasi kubwa na kusema ni hekima ya Wajapani. Mduara wa kwanza ni kile unachokipenda. Wa pili ni kile unachokiweza. Wa tatu ni kile ambacho dunia inakihitaji. Wa nne ni kile unacholipwa. Pale miduara yote minne inapokutana, alisema, ndipo mtu anapoamka asubuhi akiwa na hamu ya kwenda kazini.

Nikajipima pale pale chini ya sinki. Ninachokipenda: kulala baada ya adhuhuri. Ninachokiweza: mabomba. Dunia inachokihitaji: mabomba, tena sasa hivi, tena kwa nini umechelewa. Ninacholipwa: "njoo Jumatatu". Miduara yangu ilikataa kukutana. Kila mmoja ulikaa peke yake kama kisiwa, na baina yake hakuna hata mtumbwi.

Nilipotoka na ndoo yangu, mkufunzi akaniona. Macho yake yakang'aa. "Hebu tumsikilize kaka fundi," aliwaambia wenzake. "Kaka, kazi yako inakupa nini?"

"Yanipa mgongo," nikamjibu.

Ukumbi ukapiga makofi. Dada mmoja akaandika kwenye daftari. Nadhani walidhani ni methali.

Nikatoka hotelini sina hela ila nina swali. Je, hawa wenzangu wanaopigwa picha, wao kazi zao zinawapa nini? Pengine wanajua siri ambayo mimi, kwa kuishi chini ya masinki, imenipita. Basi nikawa kila nipitapo kwa fundi mwenzangu, baada ya salamu na habari za watoto na bei ya samaki, namtupia swali lile la mkufunzi.

Nilianza na fundi wa nakshi. Nilimkuta anauchonga mlango mpya, maua yakipandana kwenye mbao za fremu kwa ustadi unaomfanya mtu anyamaze. Nikamuuliza: "Ukichonga hivi, moyo wako wasemaje?"

Akaiweka nyundo chini. "Moyo wangu wasema mteja huyu hana haya." Mteja alikuwa ameagiza mlango mpya, lakini uonekane wa kale. "Nauchonga ung'are, kisha niufifize. Nautia nakshi, kisha niukwaruze. Babu yangu angeniona angenipiga bakora." Akaendelea hivyo mpaka kahawa ikapoa: bei ya mbambakofi, mbao zinazoletwa mbichi zikapinda zikishakatwa, na mteja wa pili aliyetaka mlango uleule kwa nusu ya bei kwa sababu ameuona kwenye simu. Juu ya utulivu ambao wageni huuona kwake hakusema neno. Ila nilipoinuka aliniambia jambo moja bila kuulizwa. Mlango wa msikiti wa mtaani kwao aliuchonga yeye, na kuna ua moja, upande wa kulia, petali yake imekuwa nene. Tangu hapo kila aingiapo kuswali huliona, na amewahi kufikiria kubadili msikiti.

Kule Matondoni nilimpata fundi akitia kalafati. Kazi hii msiyoijua niwaeleze: mbao za chombo hata zikikutana vipi huacha nafasi baina yake, na nafasi hiyo hushindiliwa pamba iliyoroweshwa mafuta, kidogo kidogo, kwa patasi butu na nyundo, kuanzia gubeti hadi shetri. Sauti yake ni nzuri ukiisikia kutoka mbali, ukiwa umekaa, tena unakunywa kitu. Nikamuuliza na yeye.

"Vyombo nilivyovitia kalafati vizuri sivijui viko wapi," alisema. "Vimekwenda. Kizingitini, Kiunga, Mombasa, sijui. Nivijuavyo ni vile vivujavyo. Hivyo hurudi hapa na nahodha wake juu, aniita jina langu kwa sauti ya kusikika mpaka Kipungani."

Mshona kofia, ambaye macho yake yameanza kumlipa malipo ya miaka mingi ya kutoboa vitundu vidogo kwa sindano, alinisikiliza kwa adabu. Kisha akanieleza habari ya kofia aliyomshonea mzee mmoja wa mtaani. Kazi ya miezi, maana kofia nzuri ya mkono haiishi kwa wiki. Mzee akaivaa Ijumaa, na kwa bahati mbaya akaketi safu ya mbele yake. "Khutba nzima," akaniambia, "nilikuwa nautazama mshono mmoja uliokwenda upande. Mtu wa pili asingeuona. Mimi sikuona kitu chengine. Mola anisamehe, ukiniuliza khatibu alisema nini, sijui."

Mwenye punda peke yake ndiye hakunijibu. Alikuwa ametoka jetini na mizigo ya mawe ya Manda, mawe yanayokatwa kwa mikono kule Maweni, na mteja wake alikuwa amesimama mlangoni anayahesabu moja moja huku akiguna. Nikaona swali langu halina wakati.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho mkufunzi hakukichora. Hakuna hata mmoja katika hawa aliyenieleza raha ya kazi yake. Kila mmoja aliyenijibu alinieleza ni nani humlaumu. Mchongaji alaumiwa na petali, mtia kalafati alaumiwa na nahodha, mshona kofia alaumiwa na kichwa cha mtu mwingine katikati ya khutba. Na kila mmoja, akifika kwenye lawama hiyo, alikaa wima na sauti yake ikapanda, kama mtu atajaye ukoo wake.

Niliporudi kwenye mabomba yangu, nikaanza kuuangalia mji huu upya, kwa jicho la maji.

Wageni huambiwa kwamba Amu ni majumba ya mawe. UNESCO ilipoutia mji wetu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ilisifu ujenzi wa Waswahili na nafasi ya mji katika dini na utamaduni, na ilisema kweli. Lakini jumba la mawe bila maji ni kaburi lenye ghorofa. Mkitaka ushahidi, vukeni mwende Takwa, kisiwa cha Manda. Msikiti upo, kaburi la mnara lipo, mabaki ya nyumba yapo, watu hawapo. Waliondoka katika karne ya 17, na moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba maji ya visima yaligeuka chumvi. Watu wa Shela husimulia kwamba asili yao ni huko, na mpaka leo huvuka kwenda kuomba mvua pale kaburini. Mji mzima huenda ulihamishwa na ladha ya maji, kisha mnaniambia nisogee nisiwazibie mlango.

Na Shela yenyewe, ile michanga mirefu ambayo wageni huteleza juu yake wakipiga kelele, mnajua ni nini? Ni tanki. Mvua hunyesha juu yake, huzama mchangani, na hukaa chini yake maji matamu yakielea juu ya maji ya chumvi. Huko ndiko yanakotoka maji ya mji wa Amu. Ukiyavuta kwa pupa, chumvi hupanda. Ukijenga juu ya michanga, unakuwa umejenga juu ya mfuniko wa birika la wenzio. Wakubwa wetu waligombana na wenye pesa miaka mingi juu ya michanga hiyo, na bado wanagombana, na wana haki.

Wazee wa zamani walijua hesabu hii. Kule Pate na vijiji vya pwani walijenga majabia ya kukinga mvua. Majumbani waliweka birika ndani ya choo, chini yake wakalaza bakuli la kauri, na katika birika wakatia samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Samaki yule namhesabu kuwa fundi maji wa kwanza wa Amu. Alifanya kazi gizani, hakusifiwa, na alipewa chakula tu. Mimi ndiye mrithi wake halali, isipokuwa yeye chakula alikipata kwa wakati.

Jumba lilikuwa na watu wengi na choo kimoja au viwili, na mambo yalikwenda. Sasa amekuja mwenye kulinunua, mara nyingi kutoka Ulaya, naye huniambia amechoshwa na dunia ya mashine, anatafuta maisha ya kale, ya kawaida. Namkubalia. Kisha anatoa karatasi: anataka bafu kila chumba, maji moto kila bafu, na juu ya dari bwawa la kuogelea. Vyumba vya Amu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na ukuta ni matumbawe na chokaa, mnene wa nusu mita, haupendi kutobolewa. Nyumba imeegemeana na nyumba, kiasi kwamba bomba likilia huku, chozi hutokea kwa jirani. Nje huruhusiwi kuharibu sura, maana Mji Mkongwe unalindwa kwa sheria tangu mwaka 1986. Kwa hivyo mabomba ya bwana yule anayetafuta maisha ya kawaida hupita katika njia ambazo hata panya angeomba ramani, na mwenye kuzipitisha ni mimi, na yakishapita hayaonekani, na yasipoonekana ndiyo kazi nzuri. Hii ndiyo shida ya kazi yangu kwa ufupi: nikiifanya vizuri, sikuwapo.

Mpwa wangu anayesoma chuo Mombasa alinituliza kwa njia ya ajabu. Alinieleza kuwa kulikuwa na msomi wa Kimarekani, marehemu David Graeber, aliyechapisha kitabu kizima mwaka 2018 kuhusu watu wenye kazi nzuri za maofisini wanaokiri wenyewe kwamba kazi zao zikifutwa kesho, hakuna atakayejua. Wanalipwa, wana viti vinavyozunguka, na usiku hawalali kwa sababu hawajui kama wanafanya chochote. Tena akasema, huyo Graeber, kwamba mara nyingi kazi ikiwa na faida ya wazi kwa watu, malipo yake huwa haba.

Nikamwambia mpwa wangu kuwa hilo la pili halikuhitaji kitabu, angeniuliza mimi. Lakini lile la kwanza lilinikaa. Nikawakumbuka watu wa semina. Kumbe hawakuwa wakitafuta kusifiwa. Nyuso zao niliziona pale ukumbini: ni watu ambao hawajawahi kupigiwa simu usiku wa manane na mtu aliyewakasirikia kwa haki. Ripoti zao zikikosewa, hurekebishwa na ripoti nyingine. Hakuna nana, yaani bibi kizee, wa kuwaita majina.

Mimi ninaye. Yuko Mkomani, umri wake haujui yeye wala serikali, na simu yake huijua namba moja tu. Mfungo Sita ukiingia, watu wakija kwa Maulidi kutoka Tanga, Zanzibar, Mombasa na visiwa vyote hivi, nyumba yake hulaza wageni mpaka kwenye msana, na maji hutumika kwa fujo. Hapo hunipigia. Salamu hatoi. "Wewe! Ndoo! Mai yashuka ukutani, yaja kwenye zidaka, sahani zangu zaogelea!" Nikimwambia ni saa nane za usiku, nana, hunijibu kwamba maji nayo yameangalia saa? Sheikh wetu hutuambia kazi ya halali ni ibada, nami nasadiki. Ila hata sala ina wakati uliowekwa.

Na sasa niwaambie kisa cha wikio, kisha niwaache mkaendelee na shughuli zenu.

Wikio, kwa msiozoea vichochoro vyetu, ni chumba kinachojengwa juu ya njia, kuunga nyumba mbili. Chini watu hupita na punda wao, juu kuna mtu amelala. Ijumaa moja bomba lililopitishwa katika wikio fulani lilipasuka, karibu na wakati wa sala, likawa linawamwagia wapitao. Bomba lile sikulifunga mimi. Lilifungwa na shemeji wa mwenye nyumba, kijana aliyesomea ufundi kwa kutazama video kwenye simu, na aliyefanya kazi hiyo kwa bei ambayo mimi nisingenunulia hata gundi. Lakini nani anauliza? Kanzu nyeupe zilizopigwa pasi kwa mapenzi zililowa mabegani, moja baada ya nyingine.

Baada ya sala nikawa natafuta viatu vyangu mlangoni, wazee wakanizunguka.

"We fundi, wataka tutawadhe mara mbili?"

"Ami," nikasema, "ile si kazi yangu. Mimi sijaligusa bomba lile."

Mzee mmoja, nimheshimuye kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kusoma, akaniangalia kana kwamba nimekosea herufi. "Mabomba ya mui huu ni ya nani basi," akauliza, "kama si yako?"

Nilitafuta jibu mpaka viatu vikapatikana, jibu halikupatikana. Nikaenda nikapanda wikioni na kanzu yangu ya Ijumaa, nikalifunga bomba la shemeji wa mtu, bure, na doa la kutu likabaki kwenye kanzu. Mke wangu ameshalisemea doa hilo mambo ambayo sitayaandika.

Lakini neno la mzee yule silisahau, na sitaki mdhani nimelipenda. Mji mzima umenipa kitu ambacho sikukiomba, hakina mshahara na siwezi kukirudisha. Mgeni apigaye picha jahazi hatapanda jahazi lile kwenda Kiunga wakati kusi inavuma. Atakayelipanda hana habari na picha. Yeye huchungulia maji yaliyomo ngamani, kisha huuliza: "Hapa alitia kalafati nani?" Swali hilo ndilo mshahara wa pili wa fundi, na ni mchungu. Kazi ambayo ikiharibika hakuna wa kuuliza "nani", hiyo si kazi, hiyo ni kukaa.

Basi mkufunzi akirudi Shela na karatasi zake, nitampa mtihani mfupi awape watu wake, bila miduara. Acheni kazi zenu siku tatu, msimwambie mtu. Siku ya nne hesabuni ni wangapi waliokuja mlangoni wakiwa wamekasirika. Barua za pole msizihesabu. Wakubwa wenu pia msiwahesabu, wao hukasirika kwa mazoea. Hesabuni wale ambao maisha yao yalikwama kwa kuwa ninyi hamkuwapo. Mkiwapata hata wawili, rudini kazini, mna maana ya kuwatosha na itakayozidi mtaiuza. Msipompata hata mmoja, njooni kwangu. Nina kazi ya kumshikia mtu tochi, na nawahakikishia mtalaumiwa.

Na kwa waandaaji wa tamasha letu la Novemba nina ombi moja. Punda wana mbio zao, mashua zina mashindano yake, wacheza bao wanashindana, wapaka hina wanashindana, washairi wanatunzwa. Tuwekeeni na sisi mafundi bomba shindano letu pale mbele ya ngome: sinki moja lililoziba, spana moja, watu wazima wamesimama pembeni wakitukosoa, kama ilivyo desturi. Atakayeshinda kikombe msimpe, hana pa kukiweka. Mpelekeni kwa wote anaowadai, mkianzia na hoteli ile ya Shela, na msitoke mlangoni mpaka walipe, Jumatatu hii, si ijayo.